Mpira Mmoja, Watoto Themanini: Jinsi Mwili Unavyojifunza

Maandishi ya kipindi cha redio kwa walimu wa michezo, viongozi wa vijana na wazazi kambini

(Muziki wa kufungulia kipindi. Muziki unashuka.)

 

Kama wewe ni mwalimu wa michezo, au ni kijana wa kujitolea uliyepewa filimbi na mpira ukaambiwa "kaa na watoto hadi saa kumi", kipindi cha leo ni chako. Na kama wewe ni mzazi, usiondoke. Tutazungumza juu ya mwanao pia.

Tuanze na hesabu ndogo. Una watoto 80. Una mpira mmoja. Una dakika 40. Umewapanga watoto katika mstari mmoja. Wa mbele anapiga mpira golini, mpira unarudishwa, anakuja wa pili. Tuseme kila zamu inachukua nusu dakika. Nusu dakika mara 80 ni dakika 40. Kengele inalia. Kila mtoto amepiga mpira mara moja tu. Dakika nyingine zote amesimama juani akisubiri.

Aliyelenga vizuri amerudi darasani akicheka. Aliyekosa amechekwa na wenzake 79, na hakupata nafasi ya pili ya kujirekebisha. Siku ya michezo ikifika tena, atakuambia tumbo linamuuma. Utamwamini, maana mwanafunzi mmoja akipungua mstari unakuwa mfupi.

Wewe unaijua foleni vizuri. Kuna foleni ya maji, foleni ya chakula, foleni ya kadi. Somo la michezo lisiwe foleni nyingine.

Leo tunataka ukumbuke jambo moja: mwili hujifunza kwa kujaribu. Unahitaji majaribio mengi, na majaribio yasiyofanana. Ili tuelewe jambo hili, tutakwenda mashariki mwa Uganda, kwenye miji miwili. Tutaanzia Jinja, mahali Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria. Kisha tutafuata barabara inayopita Iganga na Tirinyi hadi Mbale, chini ya Mlima Elgon. Huko tutaona watu wakijifunza kwa miili yao bila darasa na bila vifaa vya gharama. Halafu tutarudi kwenye uwanja wako, na watoto wako 80.

(Muziki mfupi.)

SEHEMU YA KWANZA: MTOTO NA BAISKELI KUBWA

Jinja ni mji wa baiskeli. Utaona baiskeli imebeba mkungu wa ndizi, nyingine madumu ya maji, nyingine mama na mtoto. Hata neno bodaboda, ambalo leo wengi wanalitumia kwa pikipiki, lilizaliwa mashariki huko huko, kwenye mpaka wa Busia, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha abiria.

Sasa mtazame mtoto anayejifunza. Baiskeli ni ya baba, ni kubwa kuliko yeye. Kiti hakifikii. Basi anapitisha mguu mmoja ndani ya fremu, chini ya bomba la juu, anaukanyaga mdundo huku mwili umeinama upande mmoja. Bila shaka umewahi kumwona mtoto wa namna hiyo. Pengine ulikuwa wewe mwenyewe, nyumbani, kwenye baiskeli ambayo wengine mnaiita kinga.

Siku ya kwanza mtoto huyo anawaza kila kitu: mguu uende wapi, mikono ishike vipi, breki iko wapi. Anatazama gurudumu la mbele, anaanguka. Siku kadhaa baadaye anakwenda mita 20, anayumba, anajirekebisha mwenyewe kabla ya kuanguka. Mwishowe anapita mbele yako akiimba, huku akimpungia mkono rafiki yake. Hawazi tena juu ya miguu.

Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Marekani, Paul Fitts na Michael Posner, walieleza safari hiyo kwa hatua tatu. Zishike vizuri, mwalimu, kwa sababu kila hatua inataka msaada wa namna yake.

Hatua ya kwanza ni ya kufikiri. Mtoto anatafuta kuelewa afanye nini. Makosa ni mengi na makubwa. Leo anakosea hivi, kesho vile. Hapa anahitaji kuonyeshwa, na maneno machache sana. Ukimwambia mambo sita kwa mara moja, hatashika hata moja.

Hatua ya pili ni ya kuunganisha. Mtoto ameelewa, na sasa anarekebisha. Makosa yanapungua, na anaanza kuyagundua mwenyewe. Hatua hii huchukua muda mrefu. Hapa anahitaji majaribio, majaribio, na majaribio tena.

Hatua ya tatu ni ya mazoea. Mwili unafanya bila kuamrishwa, na akili inabaki huru kutazama mengine: mwenzangu yuko wapi, adui anatokea wapi, nimpe nani mpira.

Kosa la walimu wengi ni kumtaka mtoto wa hatua ya kwanza acheze kama wa hatua ya tatu. Unawapeleka watoto moja kwa moja kwenye mechi. Wanaojua wanaumiliki mpira. Wasiojua wanakimbia nyuma yao dakika 40 bila kuugusa. Kwa nje inaonekana kama watoto wote wanacheza. Ukihesabu nani amegusa mpira, utashangaa.

Jambo moja zaidi kuhusu baiskeli. Mtu aliyejifunza vizuri akakaa miaka kumi bila kupanda, siku akipanda atayumba kidogo, kisha atakwenda. Stadi ya mwili iliyokomaa hukaa muda mrefu sana. Wewe uliyeacha nyumba na shamba unaelewa uzito wa neno hili. Kile ambacho mwili wa mtoto umekijua, atakwenda nacho popote atakapopelekwa.

(Muziki mfupi.)

SEHEMU YA PILI: KADODI HAISIMAMISHWI

Tumefika Mbale. Hapa ni kwa Wagisu, ambao wao wenyewe hujiita Bamasaaba. Katika miaka inayogawanyika kwa mbili, kama 2022 na 2024, hufanyika imbalu, tohara ya vijana. Msimu wake huzinduliwa Mutoto, nje kidogo ya mji. Katika msimu huo husikika ngoma za kadodi. Watu wanazifuata barabarani wakicheza, wazee kwa watoto, mabega na viuno vikiitikia mdundo.

Mtazame mtoto wa miaka mitano aliyeingia nyuma ya kundi. Hakuna aliyemketisha chini akamfundisha. Hakuna anayesimamisha ngoma ili kumweleza bega liende wapi. Anatazama, anaiga, anakosea, anatazama tena. Ngoma inaendelea, na nafasi ya kujaribu inarudi kila baada ya mdundo. Kufika mwisho wa barabara ameshajaribu mara mia, na hakuna aliyemcheka, maana kila mtu ana shughuli ya kucheza.

Mwalimu, kadodi inakufundisha mambo matatu.

La kwanza: onyesha kuliko kueleza. Onyesha kitendo chote, kikiwa kizima, mara mbili au tatu, kutoka mbele na kutoka ubavuni. Kama wewe mwenyewe goti limechoka, mwite mtoto anayeweza aonyeshe. Tena si lazima awe bingwa. Watoto hujifunza pia kwa kumtazama mwenzao anayejifunza, wakaona anavyokosea na anavyojirekebisha.

La pili: mpe mtoto kitu cha kulenga kilicho nje ya mwili wake. Badala ya kusema "kunja kiwiko, zungusha bega, nyoosha kifundo", sema "urushe mpira upite juu ya ile kamba" au "ugonge lile dumu". Tangu miaka ya 1990, mtafiti Gabriele Wulf na wenzake wameonyesha katika majaribio mengi kwamba mtu anayewaza matokeo ya mwendo wake hujifunza vizuri kuliko yule anayewaza viungo vyake. Mwili unajua kupanga viungo ukishajua unakokwenda. Ukiuingilia kati kwa amri nyingi, unakakamaa.

La tatu: punguza kusahihisha. Hapa walimu wengi huona vigumu, maana tumezoea kwamba mwalimu mzuri ni yule anayesema sana. Lakini mtoto akiambiwa kosa lake kila baada ya jaribio, anaanza kukutegemea wewe. Siku usipokuwepo hajui kama amefanya vyema. Mwache ajaribu mara tano au sita. Kisha muulize yeye kwanza: "Umeonaje? Mpira ulikwenda wapi? Utabadilisha nini?" Halafu umpe neno moja tu la kurekebisha. Neno lenyewe liwe na njia ndani yake. "Umekosea" haimwelekezi popote. "Uachie mpira mapema kidogo" inamwelekeza.

(Muziki mfupi.)

SEHEMU YA TATU: KIUNZI HAKIFANANI NA KIUNZI

Juu ya Mbale umesimama Mlima Elgon. Katika miteremko yake ya kaskazini, upande wa Kapchorwa na Bukwo, wametoka wakimbiaji ambao majina yao umeyasikia redioni. Stephen Kiprotich alishinda marathoni ya Olimpiki London mwaka 2012. Joshua Cheptegei ameshinda dhahabu za Olimpiki Tokyo na Paris. Na yupo Peruth Chemutai wa Bukwo, ambaye Agosti 2021 mjini Tokyo alikuwa mwanamke wa kwanza wa Uganda kushinda dhahabu ya Olimpiki. Leo tumtazame Chemutai, kwa sababu mbio zake zina somo kubwa kwa mwalimu.

Mbio zake ni za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mkimbiaji anaruka viunzi 28 na dimbwi la maji mara 7. Viunzi ni vizito, ukikigonga hakianguki, unaanguka wewe. Urefu wa viunzi ni uleule tangu mwanzo hadi mwisho, lakini hakuna kuruka kunakofanana na kwingine. Mara anafika kwa mguu wa kushoto, mara wa kulia. Mara kuna watu mbele yake, mara njia iko wazi. Mara miguu ni mibichi, mara imechoka. Anayejifunza kuruka kwa namna moja tu hawezi kumaliza mbio hizo.

Au rudi nyuma kidogo hadi Jinja, kwenye mwalo wa Masese, umtazame mvuvi akisimama ndani ya mtumbwi. Wimbi la leo si la jana. Hakukariri namna moja ya kusimama. Alijifunza kubadilika.

Mwaka 1978 watafiti Robert Kerr na Bernard Booth walichapisha jaribio ambalo unaweza kulirudia kesho uwanjani kwako. Watoto wa miaka 8 walifanya mazoezi ya kurusha vifuko vidogo kwenye shabaha. Kundi moja lilirusha kutoka futi 3, kila siku futi 3. Kundi la pili lilirusha mara futi 2, mara futi 4, na halikufanya mazoezi ya futi 3 hata mara moja. Mwishoni wote walipimwa kwa futi 3. Unadhani nani walifanya vizuri zaidi?

Ni wale wa kundi la pili, ambao hawakuwahi kufanya mazoezi ya umbali huo.

Kwa nini? Kwa sababu mtoto anayerusha kutoka mahali palepale hukariri nguvu moja. Mtoto anayebadilisha umbali hujifunza kanuni: nikiwa karibu nafanya hivi, nikiwa mbali nafanya vile. Kanuni humsaidia hata mahali ambapo hajawahi kusimama.

Basi badilisha. Badilisha umbali, ukubwa wa mpira, mkono, kasi, mahali pa shabaha. Usifanye dakika 20 za kurusha tu, kisha 20 za kudaka tu. Changanya. Utaona siku hiyo watoto wanakosea zaidi, na utatamani kurudi kwenye zoezi moja ili wapendeze machoni pa mwalimu mkuu. Usirudi. John Shea na Robyn Morgan walionyesha mwaka 1979 kwamba wanaofanya mazoezi yaliyochanganywa huonekana dhaifu wakati wa mazoezi, lakini wakipimwa siku kadhaa baadaye ndio wanaokumbuka zaidi. Angalizo moja: mtoto ambaye bado yuko hatua ya kwanza, anayetafuta kuelewa, mwache kwanza arudie namna moja mara chache. Akishika, mbadilishie.

Kwa hiyo usipime kujifunza mwishoni mwa kipindi. Pima mwanzoni mwa kipindi kinachofuata. Kilichobaki baada ya siku tatu ndicho alichojifunza.

Na mazoezi yakigawanywa katika siku kadhaa huzaa kuliko yakirundikwa siku moja. Mwaka huohuo wa 1978 ilichapishwa habari ya wafanyakazi wa posta wa Uingereza waliokuwa wakijifunza kuchapa. Waliofanya saa moja kwa siku walihitaji saa chache kufikia ustadi kuliko waliofanya saa nne kwa siku. Ukipewa saa moja kwa wiki, omba igawanywe: dakika 20, mara tatu.

(Muziki mfupi.)

SEHEMU YA NNE: MASWALI MANNE YA MKIMBIZI MMOJA

Pengine unauliza: nitabadilisha nini kila siku, wakati sina vifaa? Jibu lilitoka kwa mtu ambaye naye alihama nchi.

Rudolf Laban alizaliwa mwaka 1879 mjini Bratislava. Alikuwa mwalimu wa ngoma na mtaalamu wa miondoko nchini Ujerumani, na kwa muda alifanya kazi chini ya serikali ya Wanazi. Mwaka 1936 serikali hiyo ilipiga marufuku onyesho kubwa alilolitayarisha wakati wa Olimpiki ya Berlin. Aliondoka, na mwaka 1938 akafika Uingereza akiwa hana mali. Alichofika nacho ni namna yake ya kutazama mwendo wa binadamu. Baadaye walimu wa shule za Uingereza waliichukua, na leo inafundishwa kwa walimu wa michezo katika nchi nyingi.

Namna hiyo unaweza kuifanya maswali manne.

Swali la kwanza: mwili unafanya nini? Unatembea, unaruka, unageuka, unajikunja, unarusha, unasimama kwa mguu mmoja.

Swali la pili: wapi? Mbele, nyuma, pembeni. Juu, katikati, chini karibu na ardhi. Njia iliyonyooka au ya kupindapinda.

Swali la tatu: kwa namna gani? Haraka au polepole. Kwa nguvu au kwa wepesi. Kwa mwendo wa kukatika au wa kutiririka kama maji.

Swali la nne: na nani, au na nini? Peke yako, na mwenzako, nyuma yake, mkabala naye, kuzunguka jiwe, chini ya kamba.

Jaribu na kitendo kimoja tu: kutembea. Tembea kama uliyebeba dumu la maji kichwani, limejaa. Sasa ni tupu. Sasa unakwenda kinyumenyume. Sasa chini ya kamba. Sasa mko wawili na mnakwenda hatua moja. Sasa polepole kama unapita karibu na mtoto aliyelala. Umepata mazoezi sita, na hujatumia shilingi.

(Muziki mfupi.)

SEHEMU YA TANO: KIPINDI CHAKO CHA KESHO

Sasa turudi kwenye watoto 80. Kabla ya kesho, tengeneza mipira 16. Hata watoto wenyewe wataitengeneza: matambara yaliyokunjwa na kufungwa kwa kamba ya mgomba, au soksi kuukuu iliyojazwa vitambaa. Vifuko vidogo vya mchanga pia vinafaa kwa kulenga shabaha ya chini. Ule mpira wako mmoja wa kweli uweke pembeni kwanza.

Dakika 5 za mwanzo. Watoto wote, bila mpira, wanatembea na kukimbia uwanjani kwa maswali manne ya Laban. Hakuna anayesubiri.

Dakika 20 zinazofuata. Makundi 16 ya watoto watano, kila kundi na mpira wake na shabaha yake: dumu, jiwe, au duara lililochorwa chini. Onyesha mara mbili. Waache warushe. Baada ya dakika chache piga kofi: rudini hatua mbili nyuma. Tena: mkono mwingine. Tena: rusha baada ya kugeuka. Wewe zunguka, tazama, sema kidogo.

Dakika 10. Mchezo unaotumia walichojifunza. Waganda wanauita kwepena, Kenya wanauita kati, Tanzania rede. Wawili wanarusha, wa katikati anakwepa. Cheza katika makundi madogomadogo, na aliyegongwa asitolewe nje. Achukue nafasi ya kurusha. Ukimtoa anayegongwa upesi, umemtoa yule hasa anayehitaji mazoezi.

Dakika 5 za mwisho. Watoto wanapumua, wananyoosha viungo, na unawauliza: "Leo umegundua nini? Ukiwa mbali ulibadilisha nini?"

Hesabu tena. Tuchukue kasi ileile, nusu dakika kwa zamu. Kama makundi yangerusha kwa dakika 40 nzima, kila mpira ungerushwa mara 80, na kila mtoto katika kundi la watano angepata zamu 16. Kwa dakika 20 tu anapata zamu 8. Kwenye mstari mmoja alipata 1. Watoto ni walewale, na uwanja ni uleule. Kilichobadilika ni mpango wako.

(Muziki mfupi.)

SEHEMU YA SITA: YULE ALIYEKAA CHINI YA MTI

Katika kila uwanja kuna mtoto aliyekaa chini ya mti. Kabla hatujaagana, tumzungumzie.

Huenda ni msichana anayeona aibu kukimbia mbele ya wavulana, au hana nguo ya kufaa. Zungumza na akina mama, muone pamoja ni vazi gani, mahali gani na saa gani zinamfaa. Usiamue peke yako.

Huenda ni mtoto anayetembea kwa magongo. Usimfanye mshika filimbi kila siku. Katika kundi la watano wote waweze kurusha wakiwa wameketi, na kwa zamu hiyo watoto wote wako sawa. Maswali ya Laban yanamhusu yeye kama yanavyomhusu mwenye miguu miwili.

Huenda ni mtoto aliyeona mambo mabaya njiani. Filimbi ya ghafla au kelele nyuma yake inamrudisha kule alikotoka. Waambie watoto mapema ni ishara gani utatumia, na mara nyingi kofi au ngoma hutosha. Usimlazimishe kuingia. Mwache atazame, kumbuka mtoto wa kadodi, naye alianza kwa kutazama. Mpe mpira ashike. Siku akisimama mwenyewe, mpe kundi dogo na tulivu. Na kamwe usitumie kukimbia kama adhabu. Utamfundisha mtoto kwamba mwili wake ni mahali pa kuadhibiwa.

Watu watakuambia michezo si somo. Ni kweli kwamba nchini Uganda, kwa mfano, mtihani wa kumaliza shule ya msingi hupima Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii. Elimu ya viungo haipimwi, na kwa sababu hiyo kipindi chake huibiwa kwa urahisi. Watu wengine watakuambia kinyume chake: tafuta bingwa. Watakukumbusha kwamba wakimbiaji watano wa timu ya kwanza ya Olimpiki ya wakimbizi, Rio mwaka 2016, walitoka kambi ya Kakuma. Ni kweli, na ni fahari kwetu. Lakini mwalimu anayetafuta bingwa mmoja atawaacha 79 kwenye mstari. Mpe kila mtoto majaribio ya kutosha. Kama bingwa yumo, utamwona.

Haya ndiyo maswali ya kujadili na wenzako baada ya kusoma maandishi haya:

Katika kipindi chako cha mwisho, kila mtoto aligusa mpira mara ngapi? Mpe mtu mmoja kazi ya kuhesabu kwa watoto watatu tu.

Ni neno gani la kusahihisha unalolisema mara nyingi? Je, lina njia ndani yake?

Nani amekaa chini ya mti, na kesho utampa nini ashike mkononi?

Hapo ndipo tunapoishia leo, mpenzi msikilizaji. Kama una jirani anayefundisha, msomee maandishi haya. Na jioni ya leo, ukipata tambara na kamba, anza na mpira mmoja. Watoto wako watamalizia ile kumi na mitano iliyobaki.

Kwaheri, hadi kipindi kijacho.

(Muziki wa kufungia kipindi.)